Kaseti ya Mheshimiwa

Video ililetwa nyumbani kwa Mwalimu Joash Kituyi Jumamosi moja ya mwezi wa kwanza, mwaka wa themanini na nane, ikiwa imefungwa kwa blanketi kama mgonjwa. Walioibeba pamoja na TV yake walikuwa vijana wawili wa chama, na mbele yao alitembea Oketch, ambaye kazi yake katika mtaa wa Kambi Mbao ilikuwa kumfanyia Diwani Nicanor yale ambayo diwani hakutaka kuonekana akiyafanya mwenyewe.

"Mheshimiwa anasema mwalimu pia apumzike," Oketch alisema, akisukuma vikombe pembeni ili TV ipate nafasi mezani. "Ni ya kuazima tu. Akiitaka ataniambia."

"Na tulimwomba lini?" Tryphosa, mke wa mwalimu, aliuliza kutoka mlango wa jikoni.

"Mama, kitu kizuri hakingoji kuombwa."

Hapo ndipo Kituyi angesema asante, lakini rudisheni. Hata mimi ningependa kuwaambia kwamba alisema hivyo. Lakini ile nyumba ya shule ilikuwa na stima tangu mwaka juzi, na hiyo stima haikuwa na kazi ila taa mbili na pasi. Na Nabwire, binti yao wa miaka kumi na miwili, alikuwa ameshapiga magoti mbele ya kile kioo cheusi akijitazama. Kituyi akasema asante peke yake.

Kaseti ilikuwa moja. Saa kumi hivi majirani walikuwa wamejaa sebuleni, wengine kwenye makochi, wengine sakafuni, na Mzee Thuo, fundi seremala aliyestaafu, akapewa kiti cha mbele kwa sababu ya macho yake.

Kituyi alikuwa ameona filamu za mashujaa zamani, katika ukumbi wa kanisa. Wanaume wenye nguo za kubana, wanaruka hewani, risasi ikiwagonga inaruka kama bisi kwenye sufuria. Alizitazama akacheka, akaenda nyumbani akalala. Huyu wa kaseti ya diwani alikuwa mtu mwingine kabisa. Mchana ni karani wa manispaa katika mji fulani wa ng'ambo, mji wa mvua isiyokatika, tai yake imekaa kombo, na wakubwa wanamfokea mbele ya wateja. Jioni anavaa kinyago cheusi alichokishona mwenyewe, anatoka kuwawinda wanaowanyang'anya wanyonge. Na anapigwa. Anapigwa mpaka unamhurumia. Jino linatoka. Anarudi kwake akichechemea, anakaa kitandani na kujishona bega kwa sindano na uzi wa kawaida huku ameuma taulo.

"Sasa huyu ana nguvu gani?" Tryphosa aliuliza.

"Hana," alisema Mzee Thuo. "Huyu ana kichwa kigumu tu."

"Na kama anafanya mema, anaficha uso wa nini?"

"Si wakimjua watamfuta kazi, Mama Nabwire," Kituyi alijibu bila kugeuka. Mikono yake ilikuwa imekamata magoti. Hakuwa amewahi kupenda filamu vile. Ilikuwa mara ya kwanza kuona shujaa mwenye tai kama yake.

Mwishoni mkubwa wa ule mji anapelekwa kortini. Mashahidi wote wamenunuliwa, amebaki huyu wa kinyago, na jaji anamwambia kwamba shahidi asiye na uso si shahidi. Yule mtu anainua mkono, vidole vinashika ukingo wa kinyago, na papo hapo TV ikajaa chengachenga, ikalia kama mafuta ya kukaangia, kisha ikaonyesha kanisa la mtaa, na Diwani Nicanor amesimama kwenye harambee akinadi jogoo.

"Ala," Mzee Thuo alisema. "Wamerekodi juu yake."

Ndivyo ilivyokuwa. Vijana wa diwani walikosa kaseti tupu siku ya harambee, wakafuta mwisho wa filamu. Na sasa, nyuma ya Mheshimiwa, akimshikia mwavuli wa kumkinga jua, mkono mmoja juu na mwingine mgongoni, alionekana mwanamume mwembamba mwenye tai iliyokaa kombo.

"Baba!" Nabwire alipiga makofi. "Baba yuko ndani ya filamu!"

Sebule nzima ikaangua kicheko. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Kituyi naye alicheka, baada ya wengine, na kidogo. Siku ile mwalimu mkuu ndiye aliyempa mwavuli akamwambia simama pale, na kwa saa mbili diwani hakugeuka hata mara moja kuona ni nani anayemtilia kivuli.

*

Kila Jumamosi waliitazama upya, kwa kuwa hakukuwa na nyingine. Na kwa kuwa haikuwa na mwisho, kila mtu alikuja na wake. Mzee Thuo alisema yule karani anaruka dirishani na kutoroka. Nabwire alisema anakivua kinyago, na wote wanamwona, na anasema kila kitu. Tryphosa hakutaka kusema. Alikuwa akipita na ndoo.

Maana tangu Krismasi bomba la mtaa lilikuwa limekauka. Bomba lenyewe lilikuwa zima, ila maji yalikuwa yamegeuzwa njia, yakaenda kwa nyumba mpya za kupangisha za Diwani Nicanor kule juu, na wanawake wa Kambi Mbao wakarudi kuteka mto Sosiani, maji ya rangi ya chai ya maziwa. Mmoja wao, Mama Wamucii, muuza viazi, mjane asiyejua kunyamaza, alikwenda ofisi za manispaa mara nne kuuliza. Mara ya nne alisukumwa ngazini. Akarudi nyumbani, akajifunga kitambaa kichwani, akatangaza kwamba atasimama udiwani.

Mwaka ule hakukuwa na debe wala kura ya siri. Kulikuwa na mlolongo. Unakwenda uwanjani, unapanga foleni nyuma ya picha ya mtu wako, mchana kweupe, jirani akikuona, mwenye nyumba wako akikuona, vijana wa chama wakikuona. Kisha mnahesabiwa kama ng'ombe wa mnada.

Barua ya kumteua Mwalimu Kituyi kuwa karani wa kuhesabu ilifika wiki mbili kabla ya siku. Oketch aliileta mwenyewe, akakaa, akanywa chai.

"Mheshimiwa anakusalimu. Anauliza kama video inafanya kazi."

"Inafanya kazi vizuri. Mwambie tunashukuru."

"Na mtoto anafurahi?"

"Anafurahi."

"Hiyo ndiyo maana. Watu wanasema mkono mtupu haulambwi." Oketch aliangalia dari, akaangalia madirisha. "Nyumba nzuri hii. Ni walimu wangapi wanaingoja?"

"Saba," alisema Kituyi.

"Saba," Oketch alirudia, kama mtu aliyeambiwa habari mpya, akamaliza chai yake.

Alipotoka, Tryphosa alikuja akachukua kikombe, akakiosha mara mbili.

"Baba Nabwire, hesabu ni hesabu, ama sivyo?"

"Ni hesabu."

"Mbili na mbili bado ni nne hata kwa diwani?"

"Mama Nabwire, usinianze." Alikuwa na karatasi za kusahihisha mapajani, na kalamu nyekundu haikusogea. "Siku hiyo wewe kaa nyumbani. Nikuombe tu. Useme una malaria."

"Malaria ya wapi na baridi hii ya Eldoret?"

"Basi kifua. Sema kifua. Wakikuona kwa mstari wa Mama Wamucii, mimi nimekwisha. Watanihamisha mpaka mahali hata barua haifiki. Nabwire atasomea wapi? Wewe kuku zako utazipeleka wapi?"

Tryphosa alimpenda mwanamume huyu. Nataka hilo lijulikane. Alimpenda tangu akiwa kijana wa mafunzo ya ualimu anayetembea kilomita kumi kuja kumsalimu, na alijua kwamba si mwoga wa ugonjwa, wala wa kazi, wala wa njaa. Aliogopa wakubwa tu, na wakubwa walikuwa kila mahali.

"Nimesikia," alisema. Kituyi akadhani amekubali.

*

Jumatatu ya mlolongo kulikucha na vumbi. Uwanja wa shule ulikuwa umejaa kufikia saa tatu. Upande mmoja ilisimamishwa picha kubwa ya Nicanor, ya rangi, amevaa suti. Upande wa pili picha ndogo ya Mama Wamucii, ile ya kitambulisho, imekuzwa mpaka uso umekuwa madoa. Nyuma ya suti walisimama vijana wa chama, wapangaji wa zile nyumba mpya, na watu walioletwa kwa lori. Nyuma ya madoa, mstari ulikwenda, ukapinda kwenye choo cha wavulana, ukaendelea.

Afisa msimamizi alikuwa mgeni kutoka mbali, mtu wa miwani aliyekaa nyuma ya dawati la darasa la sita. Alimpa Kituyi maagizo bila kumwangalia.

"Hesabu kimoyomoyo. Uniletee namba kwa karatasi. Hakuna kelele."

"Ndiyo, bwana."

Mstari wa Nicanor alianza nao, na kwa sababu vijana walikuwa wakiimba kwa sauti, hakuna aliyesikia lolote. Walikuwa mia moja na kumi na mbili. Akaandika. Kisha akaenda kwa mstari wa Mama Wamucii, ambao ulikuwa kimya, na hapo ndipo kosa lilipotokea.

Kituyi alikuwa amefundisha miaka ishirini na moja. Kila asubuhi ya hiyo miaka alipita katikati ya watoto kwenye paredi, mkono begani kwa kila mmoja, akitaja namba. Kufika mtu wa kumi mkono ulikuwa umekwisha kupanda wenyewe. Kumi na moja, alisema. Kumi na mbili. Alikuwa akihesabu kwa sauti, na hakujisikia. Watu nao, wengi wao wakiwa wamewahi kufundishwa naye, au watoto wao, walinyoosha migongo kila alipofika, kama zamani. Kila mmoja alisikia namba yake.

"Mia mbili na moja."

"Niko, Mwalimu," alisema Mzee Thuo, na walio karibu wakacheka kidogo.

Aliendelea. Mia mbili na kumi na tano, mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Mia mbili na kumi na sita, kijana wa kushona viatu. Kisha mkono wake ukafika begani kwa mtu aliyevaa sweta la kijani, sweta alilolinunua yeye mwenyewe, na kando ya miguu ya huyo mtu palikuwa na ndoo tupu.

Kituyi alisimama. Oketch alikuwa hatua kumi kutoka pale, amekunja mikono.

"Mia mbili na kumi na saba," alisema chinichini.

"Sijasikia," alisema Tryphosa. Alikuwa akitazama mbele, kama wengine.

"Mia mbili na kumi na saba."

Safari hii ilisikika. Tryphosa aliitikia kwa kichwa, na Kituyi akapita kwa aliyefuata. Wa mwisho kabisa alikuwa mia tatu na nne.

Aliandika 304. Wacha tumpe haki yake: aliandika 304, kwa mwandiko mzuri, akaipeleka ile karatasi mezani. Yule wa miwani akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. Kutoka mfuko mwingine akatoa karatasi iliyokwisha kupigwa taipu.

"Utasoma hii. Wewe wanakujua."

Kituyi aliisoma mara mbili. "Bwana, hii si..."

"Mwalimu, wewe ni wa kuhesabu. Umehesabu. Asante."

Oketch alikuwa amekuja karibu, akainama sikioni mwake kwa adabu. "Mheshimiwa anasema ile video si ya kuazima tena. Ni yenu kabisa. Na nyumba pia, anasema mkae tu."

Wakampa kipaza sauti cha kushika mkononi. Kituyi aliangalia watu. Jua lilikuwa la saa sita, halina huruma, na kila uso ulikuwa wazi mbele yake kama wake ulivyokuwa wazi mbele yao. Aliona sweta la kijani. Akamfikiria yule karani wa kaseti, vidole kwenye ukingo wa kile kitambaa, na kwa mara ya kwanza akamwonea wivu, kwamba alikuwa na kitu cha kujifunika.

"Nicanor," alisoma, "mia tatu na arobaini. Wamucii, mia moja themanini na tisa."

Vijana wa chama walipaza shangwe. Upande wa pili watu walikuwa wakitazamana. Kisha Mzee Thuo akavua kofia yake, kama mtu anayetaka kuuliza swali darasani.

"Samahani, Mwalimu. Mimi uliniita mia mbili na moja."

"Mimi mia mbili na sitini," alisema mwingine.

"Mimi mia tatu na mbili. Si ulinigusa hapa?"

Namba zikaanza kutoka kila mahali, zikipanda, na hakuna iliyogongana na nyingine. Yule wa miwani alimgeukia Kituyi na kumtazama vizuri kwa mara ya kwanza siku hiyo. Halafu akawapungia vijana. Walikuja na marungu. Hawakupiga wengi, hakukuwa na haja. Walimsukuma Mzee Thuo akaanguka kwa bega, kofia ikakanyagwa, na mstari ukavunjika.

"Twendeni nyumbani," Mama Wamucii alisema, akimwinua mzee. Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Twendeni. Aliye juu mngoje chini."

Kituyi alibaki amesimama pale. Alikuwa amesahau kuzima kipaza sauti, na uwanja mzima ulisikia pumzi zake mpaka Oketch alipokuja kumnyang'anya.

*

Wiki hiyo ilikuwa ndefu. Hakuna aliyemtukana. Mwenye duka alimwuzia sukari, akampa chenji, akageukia rafu zake. Kwenye paredi Kituyi aliacha kugusa watoto mabega. Aliwahesabu kwa macho, na bado alisikia kicheko kikikimbia nyuma ya mstari. Wakati wa uji wavulana wa darasa la saba walipanga foleni, mmoja akipita akihesabu kwa sauti ya pua kama yake, na akifika mahali fulani wote wanapiga kelele, "Mia moja themanini na tisa, uji umekwisha!"

Alhamisi Nabwire alirudi na mdomo umepasuka.

"Nani amekupiga?" Kituyi aliuliza. "Wamesema nini?"

"Hawajasema uongo."

"Sasa kama si uongo, umepigania nini?"

Nabwire alimwangalia baba yake kana kwamba ni yeye mtoto. "Ndiyo sababu nimepigana," alisema, akaenda kunawa.

Tryphosa hakugomba. Kituyi alingoja agombe, maana ugomvi una mwisho wake, lakini hakugomba. Alichota maji Sosiani, akapika, akamfulia shati. Kila siku alipita nyumbani kwa Mzee Thuo na chupa ya uji, kwa kuwa bega lilikuwa limeteguka na mzee hakuweza kuinua kikombe. Na mwalimu, ambaye alitaka kumwuliza mzee anaendeleaje, hakupata mdomo wa kuuliza.

Jumamosi ikafika. Saa kumi Kituyi mwenyewe alipanga viti. Akafungua mlango, akauacha wazi. Chai ilikuwa kwenye birika kubwa, lile la wageni. Walisikia watu wakipita nje, wakizungumza, na mazungumzo yakinyamaza mbele ya mlango na kuanza tena mbele kidogo.

"Weka tu," alimwambia Nabwire. "Watakuja ikishaanza."

Waliitazama wawili. Mvua ya ule mji ikanyesha. Karani akafokewa, akapigwa, akajishona. Kituyi alikuwa akijua kila neno na hakusikia hata moja. Korti ikajaa. Jaji akasema kwamba shahidi asiye na uso si shahidi, mkono ukaanza kupanda, na kabla haujafika Nabwire aliinuka akaizima TV.

"Mbona? Bado kidogo."

"Najua inavyoisha, Baba."

"Si ulisema anakivua?"

"Nilikuwa nasema tu."

Alikwenda kabatini akarudi na sahani tatu za kuweka mezani, chakula cha jioni kiliwe mapema kabla ya baridi kuingia. Tryphosa alikuja kutoka jikoni na sufuria ya ugali. Aliiweka chini, akachukua sahani moja kati ya zile tatu, akairudisha kabatini.

"Mama Nabwire," alisema Kituyi, "tuko watatu."

"Mko wawili. Mimi nilikuwa mia mbili na kumi na saba, na mstari uliishia mia moja themanini na tisa. Watu ishirini na wanane mbele yangu, Baba Nabwire. Ulinishika bega kwa mkono wako mwenyewe, na bado sikuwa pale."

"Ungefanya nini wewe? Niambie. Ningesema nini?"

"Namba."

"Na leo tungelala wapi?"

"Sijui," alisema Tryphosa. "Kweli sijui. Mimi nilipanga mstari nikiwa sijui."

Ugali ulikuwa ukitoa mvuke. Nabwire alikuwa amesimama na kijiko, hajui aketi ama atoke. Kituyi aliinama, akafunika uso kwa viganja vyote viwili, akakaa hivyo, na sauti ilipotoka ilitokea nyuma ya vidole.

"Mia mbili na kumi na saba."

"Sijasikia."

Alishusha mikono. Macho yalikuwa mekundu. Alitaka kuisema, mtu yeyote angeona kwamba alitaka. Midomo ilikuwa imekwisha kujipanga. Nje mtu alipita akipiga mluzi. Kituyi akasimama, akaenda mlangoni akaufunga, akaja dirishani akavuta vioo vyote viwili na kukaza komeo. Ndipo akageuka akaisema, kwa sauti ya paredi, kila tarakimu mahali pake.

Tryphosa alitazama lile dirisha. Kisha akaenda kabatini, akachukua sahani yake, akajipakulia, akaenda kula jikoni.